Yaliyompata mama kwenye mimba yaandikwe kwenye fishi ya mtoto

Bwana Mhariri,

Ile makala yenu juu ya vijana wa Bukavu wanaopatikana na ugonjwa wa sukari na tansio (shinikizo la damu) tumeisoma hapa kazini, gazeti limepita mikono mingi mpaka likachanika katikati. Mwandishi amelaumu soda, mayonezi, chipsi za usiku na kupanda pikipiki hata kwa safari ya dakika kumi. Sibishi, hayo ni kweli na mimi pia nayasema kila asubuhi. Ila makala nzima inaanza kuhesabu kijana akiwa na miaka ishirini na kitu, eti ni mdomo wake tu umemfikisha pale, na hakuna hata mstari mmoja uliouliza huyu kijana alizaliwaje, mama yake alikuwa na shida gani wakati alimbeba. Hapo njo nimeshika kalamu.

Mimi ni anfirmie (muuguzi) huku Kadutu, kazi yangu ni kupima watoto chini ya miaka mitano. Mama anafika na mtoto mgongoni, tunamuweka kwenye mizani, tunaweka nukta kwenye mchoro, anachomwa chanjo, anayefuata. Fishi ya mtoto, yaani kadi yake ya kliniki, ina jina, tarehe ya kuzaliwa, kilo alizozaliwa nazo kama mtu alikumbuka kuziandika, na chanjo. Basi. Ya mimba hakuna kitu. Kama mama alikuwa na sukari, kama tansio ilimpanda mpaka akaona giza, kama walimpasua mama mimba ikiwa ya miezi saba, yote hayo yalibaki kwenye fishi ya CPN (kliniki ya wajawazito), na ile fishi iko wapi? Iko chini ya godoro, ao imefungia karanga, ao imebaki kwenye nyumba ambayo watu waliikimbia usiku. Tangu Februari mwaka 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, sina haja ya kuwaeleza watu wa hapa karatasi ngapi zimepotea.

Nianze na sukari ya mimba juu njo inaeleweka vibaya kuliko zote. Mwanamke hajawahi kuwa na sukari maisha yake yote, anabeba mimba, na kufika mwezi wa sita ao wa saba sukari ya damu inapanda. Homoni za kondo zinafanya insulini ya mama, ile inayotoka kwenye kongosho na kushusha sukari ya damu, isifanye kazi yake vizuri, hiyo inatokea kwa kila mimba, kongosho la wengi linaongeza bidii na mambo yanapita, la wengine linashindwa. Sasa sukari ya mama inavuka kondo inaingia kwa mtoto, lakini insulini ya mama haivuki. Kale katoto mule ndani kanabaki na sukari yote ile, kongosho lake dogo linaanza kutoa insulini nyingi kuliko umri wake, na insulini kwa mtoto wa tumboni inamkuza na inamuwekea mafuta. Daktari mmoja wa Denmark, Jørgen Pedersen, alieleza hivo tangu miaka ya 1950 na paka leo njo tunavyofundishwa.

Matokeo yake ni yule mtoto wa kilo 4 na nusu ambaye ukoo mzima unapanda maternite kumpiga picha. Bibi anapiga vigelegele, baba anaitisha wenzake, mama amelala pale amechanika ao amepasuliwa, na hakuna anayeuliza glisemi (sukari ya damu) yake ilikuwa ngapi. Sisemi kila mtoto mkubwa ni wa sukari, kuna wazazi warefu wanazaa watoto warefu. Lakini ni wangapi wamepimwa ndo tuseme tunajua? Tena mtoto huyo akikatwa kitovu sukari ya mama inakatika hapo hapo, insulini yake bado iko juu, sukari yake inaanguka, anatetemeka ao analala tu hataki kunyonya na watu wanasema ameshiba. Huyo anatakiwa kwenye titi ndani ya saa ya kwanza na apimwe, siyo apitishwe mikono ya wageni.

Hayo ya siku ya kwanza angalau maternite nyingi wanayajua. Yanayokuja nyuma njo hayazungumzwi. Kule Arizona, Marekani, kuna watu wa kabila la Pima ambao sukari iko nyingi sana kati yao. Watafiti walichukua ndugu wa familia moja, mmoja amezaliwa kabla mama hajapatikana na sukari, mwengine baada. Damu ni ile ile, nyumba ile ile, sahani ile ile. Matokeo yalitoka mwaka 2000: yule aliyezaliwa baada alikuwa na hatari ya kupata sukari zaidi ya mara tatu kuliko ndugu yake. Wakaangalia pia kwa upande wa baba, waliozaliwa kabla na baada ya baba kupatikana na sukari, hawakuona tofauti hiyo. Kwa hiyo siyo ukoo peke yake, kuna kitu kinapita mule tumboni kwenyewe.

Halafu kuna utafiti mkubwa unaitwa HAPO, wamama zaidi ya 23,000 katika nchi 9, uliotoka mwaka 2008. Ulionyesha hatari kwa mtoto inapanda pole pole pamoja na sukari ya mama, haingoji mpaka namba fulani ifikiwe. Walirudi kuwatafuta watoto wakiwa na miaka 10 mpaka 14. Kati ya watoto ambao mama zao walikuwa na sukari ya mimba kwa vipimo vya leo, 10.6 kwa mia walikuwa tayari mwili wao hauwezi kushughulikia sukari vizuri, na kwa wengine ilikuwa 5.0 kwa mia. Hata wakihesabu unene wa mama tofauti inabaki. Watoto wa darasa la tano, la sita. Bado hawajanunua chipsi zile mlizoandika, franga ya kununua wanatoa wapi?

Upande mwengine ni tansio ya mimba, na hapa kwetu hii inatutesa kuliko sukari. Baada ya wiki ya 20 tansio inafika 140 kwa 90 ao inapita, proteini inaonekana kwenye mkojo, kichwa kinauma hakisikii dawa, uso unavimba, macho yanaona nyota. Mara nyingi mzizi uko kwenye kondo, halikujishika vizuri tangu mwanzo, mishipa imebaki myembamba, damu inafika kidogo kwa mtoto. Mtoto anazaliwa mdogo, chini ya kilo 2 na nusu, ao madaktari wanamtoa mapema kuokoa mama, na wanafanya vizuri, mama kwanza.

Lakini mtoto aliyekosa damu na chakula mule ndani anafanya uchaguzi, yaani mwili wake unafanya. Ubongo unahudumiwa kwanza. Figo, kongosho, misuli vinapewa mabaki. Zile chujio ndogo ndogo za figo zinatengenezwa kabla ya kuzaliwa, karibu wiki ya 36 kazi imekwisha, hazitengenezwi tena, kwa hiyo aliyezaliwa na chache ataishi nazo chache mpaka mwisho na figo zitafanya kazi kwa nguvu zaidi na tansio inakuja hapo. Mwili mzima unajifunza kubana sawa familia ambayo mshahara haujaingia miezi mingi, sasa siku franga zinaingia zote kwa mara moja haijui iziweke wapi. Watoto wa wamama waliokuwa na tansio hiyo wakipimwa wanakuwa na tansio juu kidogo kuliko wenzao, pointi mbili tatu hivi. Ni kidogo, ndiyo. Lakini hizo pointi anatembea nazo tangu utoto mpaka uzee.

Wengi watasema hizo ni hadithi za wazungu. Wazungu wenyewe walijifunza kwa njaa. Uholanzi, mwisho wa vita, kutoka Novemba 1944 mpaka Mei 1945, Wajerumani walizuia chakula, mtu mzima alikuwa anapata chini ya kalori 1000 kwa siku, wakati mwengine nusu yake. Wamama wenye mimba walikuwemo. Watoto hao walipofika miaka 50 wakapimwa, na wale waliokuwa tumboni wakati wa njaa sukari yao ilikuwa haishuki vizuri baada ya kunywa glikozi, hasa wale ambao njaa iliwakuta katikati ao mwisho wa mimba. Waliokutwa mwanzoni wao walionekana zaidi na ugonjwa wa moyo. Tunaoishi Kivu tukisoma hivo tunafikiria nini? Mimi nafikiria wamama ambao wamebeba mimba ndani ya kambi, mlo moja kwa siku, na kesho mtoto wao akifika miaka 40 na sukari mtamuandikia makala kwamba alikunywa soda.

Na kuna jambo lingine kwenye historia hii ambalo kwa anfirmie sawa mimi ni tamu kabisa. Huko Uingereza, jimbo la Hertfordshire, mwaka 1911 mkuu wa wakunga na waanfirmie wa pale, Ethel Margaret Burnside, aliagiza kila mtoto anayezaliwa aandikwe kwenye daftari: kilo za kuzaliwa, ananyonya ao anakunywa chupa, kilo za mwaka wa kwanza. Hakuna aliyejua zitafaa nini. Madaftari yakakaa, yakakaa, mpaka miaka ya 1980 daktari David Barker na wenzake wakayakuta, wakawatafuta wale watoto ambao sasa ni wazee, na wakaona waliozaliwa wadogo na waliobaki wadogo kwenye mwaka wa kwanza njo waliokufa zaidi kwa moyo, na kwenye utafiti uliofuata njo waliokuwa na sukari zaidi. Elimu hii yote tunayoitegemea leo imetoka kwenye daftari za wanawake waliopita nyumba kwa nyumba na mizani. Siyo mashine ya mamilioni.

Tena hatuna haja ya kwenda Hertfordshire. Lopitali ya Lwiro iko hapo Kabare. Watu waliolazwa pale wakiwa watoto wadogo juu ya utapiamlo mkali, kati ya 1988 na 2007, wametafutwa wakiwa watu wazima, wakapimwa, wakalinganishwa na wenzao wa pale pale ambao hawakulazwa. Waliougua wamekutwa zaidi na mafuta ya tumbo, na ule mkusanyiko wa tansio na sukari na kiuno kikubwa. Hapo njaa ilikuja baada ya kuzaliwa, najua, siyo ya mimba, lakini njia ni ile ile, na watu hao walipatikana kwa sababu moja tu: lopitali ilitunza mafishi yao. Vituo vingi vyetu vikiulizwa mafishi ya mwaka 2007 watakuonyesha panya.

Sasa niseme jambo moja ambalo naogopa litachukuliwa vibaya. Nikianza kueleza hivi kwa wamama, kuna mama mukwe mmoja ndani ya chumba anageuka kumwangalia mwali wake, na unaona kabisa hesabu inafanywa: kumbe ni wewe uliharibu mtoto wetu. Hapana. Tansio ya mimba hakuna mwanamke anayejiletea. Sukari ya mimba inampata hata mwembamba anayekula sombe na bugali kila siku. Na hatari siyo hukumu, watoto wengi sana wa mimba hizo wanakua wazima na wanaoa na wanazeeka bila kumeza hata kidonge kimoja cha sukari. Ninachosema ni kwamba huyu mtoto ana sababu ya kuangaliwa zaidi, basi, na baba pia aelewe hivo, juu ni yeye anaulizwa franga ya ekografi (picha ya mtoto tumboni) na anasema mama yangu alizaa kumi bila ekografi.

Kuna kitu kinanikera hapo hapo. Mtoto akizaliwa mdogo familia nzima inakimbilia kumnenepesha. Maziwa ya kopo, uji kabla ya miezi sita, maji ya sukari, kila wiki wanataka niwaambie ameongeza ngapi na wakisikia ameongeza sana wanaondoka wanaimba. Nawaelewa, wanaogopa kifo, na mtoto mdogo kweli lazima akue. Lakini mtoto aliyebanwa tumboni halafu akajazwa mafuta kwa haraka nje njo yule anayeingia shida ya sukari na tansio baadaye kuliko wote. Titi la mama peke yake miezi sita, na kwa hao wadogo sana kukaa kifuani ngozi kwa ngozi, hiyo inatosha kwa wengi. Anayehitaji zaidi daktari atasema.

Na hizo soda. Nyie mmeandika za vijana, mimi nataka kusema za wamama wenye mimba. Mtu akienda kusalimia mwenye mimba anabeba soda mbili ndani ya saki, njo heshima. Uingereza sukari ilikuwa inagawiwa kwa kadi tangu vita mpaka Septemba 1953, siku ilipoachiwa watu wakala karibu mara mbili. Utafiti wa mwaka 2024 ulilinganisha waliobebwa na kulelewa siku elfu za kwanza wakati wa kadi na waliokuja nyuma yake: wa kadi walikuwa na hatari ya ugonjwa wa sukari pungufu kwa asilimia 35 hivi na ya tansio pungufu kwa asilimia 20, na sehemu ya faida hiyo ilionekana hata kwa wale ambao kadi iliwakuta tumboni tu. Basi ukienda kumsalimia beba sambaza, wale samaki wadogo. Beba maharagwe, beba lengalenga, avoka za hapa hazina shida.

Ninachoomba hakihitaji mfadhili. Mtoto anapotoka maternite, akusheze aliyemzalisha aandike juu ya fishi ya mtoto, kwa bik ile ile anayoandikia jina: mama alikuwa na sukari ao hapana na namba ilikuwa ngapi, tansio ilifika ngapi, mtoto ametoka wiki ya ngapi, kwa nini. Kama hakupimwa aandike hakupimwa, hiyo pia ni habari. Ile fishi ndogo wamama wanaitunza kuliko ya CPN, juu bila chanjo shule zingine zinasumbua, hata kwenye kukimbia nimeona mtu amebeba mtoto, sufuria na fishi ya chanjo. Mimi nikimpokea mtoto kama huyo nitajua kwamba mchoro wake ukipanda ghafula siyo wa kupigia makofi, na akifika miaka mitatu nitamuombea apimwe tansio kila mwaka, ila lazima tuwe na kitambaa cha mkono mdogo, cha mkubwa kinadanganya.

Kupima sukari ya mimba ni shida nyingine, nakubali. Sheria inataka mama anywe gramu 75 za glikozi kati ya wiki ya 24 na 28 na apimwe, sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 92 mg/dl tayari ni ya mimba. Lakini vituo vingi havina bandelete (vile vipande vya kupimia sukari), ao ziko na mama analipa, ao mama anakuja CPN ya kwanza mwezi wa saba akiwa ameshachelewa. Uzazi wa bure ulianza Kinshasa mwaka 2023 na unasemwa sana kwenye redio. Kwa wakati huu hata kuchoma kidole asubuhi mama akiwa hajakula ni bora kuliko kukisia kwa macho. Na nisiseme uongo: kutibu sukari ya mimba kunapunguza watoto wakubwa mno na kuumia wakati wa kuzaa, hilo limeonekana wazi, lakini kwamba kunamkinga mtoto mpaka utu uzima bado ushahidi wake hauko na nguvu hivo. Njo maana sitaki tuishie kwenye tiba ya miezi mitatu, nataka tumfuate mtoto.

Tumfuate na mama pia. Aliyekuwa na sukari ya mimba ana hatari ya kupata sukari ya kudumu mara saba mpaka kumi kuliko mwenzake, na anatakiwa apimwe tena kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kuzaa. Hakuna anayerudi. Atarudi kufanya nini, amepona, ana mtoto mgongoni na soko linamngoja. Lakini angalieni kalenda ya chanjo: mtoto anachomwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mama yuko mbele yetu, amekaa kwenye benchi, mara mbili ndani ya muda ule ule unaotakiwa, na tunamchoma mtoto peke yake tunamwambia nenda. Siku ile aambiwe aje bila kula, achomwe kidole na yeye. Najua kipimo kamili ni kile cha kunywa glikozi, lakini tuanze na kidole. Madaktari wa zoni za afya za Kadutu, Ibanda na Bagira mkisoma hii, tuambieni kupitia gazeti hili kama inakatazwa, na kama haikatazwi bandelete zitatoka wapi.

Anfirmie wa kupima watoto,
Kadutu, Bukavu